Nyuzi Mia na Ishirini

3 Februari

Wifi yangu Mizani,

Salamu nyingi. Mama hajambo. Mguu unamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anausahau na kuanza kunisumbua mimi. Nami ni mzima.

Ndani ya bahasha utakuta vipande kumi na viwili, nimevitenganisha kwa karatasi za kuchujia ili visisuguane njiani. Ni kile kitambaa cha pamba nilichokichoma hadi kikawa kaboni tupu, kisha nikakipaka manganizi, ule unga mweusi wa betri, kwa gundi laini. Namba moja hadi sita nimepaka tabaka moja, saba hadi kumi na mbili tabaka mbili. Shika kwa kibano, siyo kwa vidole. Najua unajua, lakini mimi ni mkubwa kwako, acha niseme. Halafu namba tisa usimpe mtu. Namba tisa nimeipenda, sijui kwa nini.

Nataka kujua vinavumilia kukunjwa mara ngapi kabla manganizi haijaanza kumwagika. Hapa chuoni mashine ya kukunja ni mimi mwenyewe. Nakaa kwenye stuli nakunja, nakunjua, nahesabu. Nikifika mia tatu anatokea mtu kuulizia ufunguo wa kabati la asidi, hesabu inapotea, naanza upya. Huko kwenu mna mashine ambayo haiulizwi ufunguo.

Mama amebandika picha yako ukutani, ile uliyovaa koti jeupe. Kila mgeni akiingia anaoneshwa: "Huyu ni mkwe wangu, anatengeneza betri za kukunjika kama leso." Mgeni akigeuka kuniangalia mimi na vidole hivi vyeusi, Mama anamalizia, "Na huyu yupo tu hapa na mimi." Nimecheka sana. Usidhani nina neno.

Msalimie mdogo wangu, mwambie aandike. Alivyokuwa na mdomo mrefu hapa nyumbani, kumbe mkono wake ni mfupi.

Wifi yako,
Masizi


19 Februari

Wifi Masizi,

Bahasha imefika, vipande kumi na viwili, hakuna kilichovunjika. Nakupa majibu kwa mpangilio, ingawa najua unarukia mwisho.

Vya tabaka moja vilianza kubanduka kwenye mkunjo wa mia nane. Vya tabaka mbili vilifika elfu moja na mia mbili hivi. Namba tisa ilikunjwa mara elfu tatu mia moja na arobaini. Nilipoichaji tena ilihifadhi sehemu tisini na moja kwa mia ya umeme ilioanza nao. Nilisimamisha mashine kwa sababu ilikuwa saa ya kufunga jengo, siyo kwa sababu namba tisa ilichoka. Hapa kuna watu wana miaka sita wanatafuta elektrodi ya namna hiyo. Upande wa zinki hautupi shida kubwa; ni upande huu wako, unaopokea umeme na kuutoa, uliokuwa ukipasuka kila betri ikikunjwa.

Nikuambie ni ya nini, maana sijawahi kukueleza vizuri. Kuna hospitali ina mkanda wa kufunga kifuani kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Unahesabu pumzi, zikikatika unapiga kengele. Mkanda ni mzuri, betri ndiyo mbaya: ngumu kama kifungo cha koti, inamwachia mtoto kidonda, inabidi wauguzi wamfungue kila baada ya saa chache. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuja akatuonesha picha za vifua hivyo. Vidogo, wifi, unaweza kuvifunika kwa viganja viwili. Akasema, "Mimi sihitaji betri ya miaka kumi. Nipeni inayolala pale mtoto anapolala."

Mkuu wa maabara anataka hatua zote za kutengeneza kitambaa kwa maandishi. Niandikie basi: vipimo, joto, muda, usiache kitu. Nimeandika ripoti fupi ya kwanza. Nakala nitakutumia ikishapitishwa.

Mume wangu hajambo. Amepata kazi kwenye karakana ya majokofu, na tayari ameshawaambia wanafanya makosa.

Wifi yako,
Mizani


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua umeshakasirika, basi kasirika huku unasoma.

Huku baridi ipo ya kutosha, sijui kwa nini watu wananunua majokofu, lakini wananunua na yanaharibika, nami nashukuru. Chumba chetu kina dirisha moja linaloangalia ukuta. Shemeji yako wa dirishani ni njiwa mmoja mwenye mguu mbovu, nampa makombo.

Nakutumia kitu cha kukufurahisha. Ni ukurasa wa jarida la taasisi ya mke wangu, nimeukata mwenyewe kwa kisu cha kazi, ndiyo maana umepinda. Mtazame alivyoshika kile kitambaa, amekikunja mara mbili na taa inawaka! Nimewaonesha karakana nzima. Nikamwambia lakini, mbona wameandika "kitambaa alichokibuni na kukitengeneza kwa mikono yake mwenyewe", Dada yuko wapi? Akasema jarida ni dogo, nafasi haikutosha. Nikaona kweli, ukurasa wenyewe ni mmoja.

Mwoneshe Mama, abandike na huu.

Mdogo wako,
Fundi Friji


17 Machi

Mpenzi wifi yangu,

Habari za siku nyingi? Nimefurahi mno, mno, kwa majibu ya namba tisa. Mungu akuzidishie. Mama anakusalimu kwa moyo wote, na sasa una picha mbili ukutani.

Umeniomba hatua zote, nami siwezi kukunyima. Pamba iwe nyeupe isiyotiwa rangi, uifue mara tatu kwa maji yaliyochujwa, uichome bila hewa kwa saa moja. Manganizi isage hadi uisikie laini kama poda ya uso. Gundi sehemu moja kwa manganizi sehemu nane, uikoroge kuelekea upande mmoja. Paka kwa brashi pana, mara mbili, ya pili ikatize ya kwanza. Kuhusu kukausha hakuna siri: weka kwenye oveni, nyuzi mia na ishirini, saa mbili, basi.

Safari hii sina vipande vya kukutumia, pamba nzuri imeniishia. Lakini wewe huhitaji tena vyangu.

Nakupenda kama pacha wangu.

Masizi


2 Aprili

Wifi Masizi,

Nakuandikia haraka, gari la posta linaondoka saa nane.

Tarehe ishirini muuguzi mkuu anarudi na madaktari wawili, na Mkuu ameamua nitengeneze kitambaa kipya, kikubwa kama mkanda wenyewe, hapa hapa maabara. Nimejaribu mara kumi na moja. Kila hatua nimeifuata ulivyoandika, nimepima hadi uzito wa brashi. Kikitoka kwenye oveni kinaonekana kizuri. Nikikiweka chini ya hadubini nakuta nyufa kila mahali. Kwenye mkunjo wa mia mbili manganizi inamwagika mezani kama unga.

Umeandika nyuzi mia na ishirini. Nimesoma mara nne. Ni kweli? Hujakosea namba? Nilitaka kupunguza, lakini nikajiambia mkono wako haujawahi kukosea, anayekosea ni mimi.

Kama una vipande hata vitatu vya zamani, vyovyote vile, nitumie kwa haraka. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii.

Mizani


9 Aprili

Wifi,

Barua imefika. Ndiyo, ni mia na ishirini. Vipande sina.

Labda mkono wako umekuwa mzito kwa sababu ya hiyo baridi. Usiwe na wasiwasi. Mtu aliyekibuni kitambaa na kukitengeneza kwa mikono yake mwenyewe hawezi kushindwa kukitengeneza tena.

Mama hajambo.

Masizi


24 Aprili

Wifi,

Kwa hiyo uliuona ule ukurasa. Nilipofika kwenye mstari huo wa barua yako nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jengo, watu wanapita, nikakaa chini pale pale.

Nitaanza na tarehe ishirini.

Walikuja saa tatu asubuhi. Muuguzi mkuu alileta mwanasesere kutoka wodini, yule wanayemtumia kufundishia kina mama kubeba watoto. Alikuwa amemvisha kofia ya sufu. Tulimfunga mkanda kifuani, betri yangu ndani yake, taa ya kijani ikawaka, madaktari wakasogea. Muuguzi akamlaza upande, akamgeuza, akamkunja kidogo kama mtoto anavyojikunja. Taa ikapepesa. Akamgeuza tena. Ikazima. Nikasema nitarekebisha mguso wa waya. Nilipofungua mkanda, manganizi ilikuwa imemwagika kwenye kifua cha mwanasesere, weusi mtupu. Muuguzi alitoa kitambaa mfukoni, akamfuta, akamvalisha kofia vizuri, akamrudisha kwenye mkoba. Daktari mmoja akamuuliza Mkuu kama kuna kazi nyingine ya kuonesha.

Nimeondolewa kwenye betri. Tangu Ijumaa napima poda za watu wengine. Mizani kwenye mizani, umeona? Hata jina limenicheka.

Sasa kuhusu jarida. Halikukosea, na nafasi ilikuwepo. Mkuu alikuja mezani pangu na namba tisa mkononi akauliza, "Hiki umetengeneza wewe?" Ningeweza kusema hapana. Ni neno la silabi tatu tu. Nikasema ndiyo. Baada ya hapo kila siku niliyochelewa kusahihisha iliongeza uzito, mwisho sikuweza kuinua tena. Ndiyo maana sikuweza kusema kitambaa cha siku ya wageni ukitengeneze wewe, ilibidi nikitengeneze mwenyewe hapa maabara.

Na kwa nini nilisema ndiyo? Utadhani ni cheo. Hapana. Ni wivu, wifi. Tangu mwaka wa pili chuoni. Mimi nilikuwa napima kila kitu mara tatu na bado kinaharibika. Wewe ulikuwa unaongea, unacheka, unakoroga bila kutazama, na kinatoka sawasawa. Mwalimu alikuwa anasimama nyuma yako tu. Nafasi ya huku ilipokuja nikapata mimi, nilijua nimeipata kwa sababu wewe hukuweza kumwacha Mama. Nilifunga virago nikijua. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikifungua bahasha zako nikitumaini, siku moja tu, kipande kimoja kitoke kibaya. Namba tisa ilipopita elfu tatu sikufurahi. Nilitaka kulia.

Basi mkono mzito ni wa kwangu kweli. Sikulaumu kwa lolote.

Mizani


1 Mei

Wifi,

Nilisoma barua yako jikoni nimesimama, kisha nikavuta kiti. Nitakuambia nilichosikia kwanza, usije ukadhani mimi ni mtu mwema: nilisikia raha. Ya kweli, ya kushuka hadi tumboni. Nikasoma tena ile sehemu ya taa kuzima. Nikasoma mara ya tatu.

Mama akaniuliza, "Wanasemaje wanangu?" Nikamwambia mkanda wa watoto umeshindikana, nikamsimulia habari ya mwanasesere. Nilidhani atakutetea, kama kawaida yake. Badala yake akauliza, "Sasa wale watoto wanafungwa nini?" Nikasema ile ya zamani, yenye kuumiza. Akawa anasugua goti. Halafu akasema, "Kumbe." Basi. Nikatoka nje nikaanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Nyuzi mia na ishirini ni uongo, wifi. Mkono wako hauna uzito wowote. Vipande vyangu havijawahi kuingia kwenye oveni hata siku moja. Navilaza kwenye sinia, nafunika kwa taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, naviweka kivulini na kuvigeuza asubuhi na jioni. Vikikauka taratibu manganizi inashika uzi mmoja mmoja. Ukiviharakisha kwa moto, juu panakauka kabla ya ndani, ndipo zinapokuja nyufa ulizoziona. Vingine huwa naviacha siku moja. Namba tisa ilikaa siku tatu, kwa sababu Mama alianguka bafuni nami sikurudi kazini. Nilikuwa nimeisahau kwenye kabati peke yake. Hiyo ndiyo siri yote. Niliijua ulipoandika majibu, na niliijua nilipokuandikia ile barua ya kukuita pacha wangu. Ulipouliza mara ya pili nilikuwa na vipande vinane kwenye droo. Nilivitazama, nikafunga droo.

Umesema una wivu na mimi tangu mwaka wa pili. Mimi wangu haukuanzia chuoni. Unakumbuka siku nilipokuleta nyumbani kula, mdogo wangu akawa anajifanya anatengeneza redio ili abaki sebuleni? Mimi ndiye niliyemwambia abaki. Nilitaka umpende. Nilifikiri ukiwa wifi yangu hutaondoka, tutazeeka kwenye meza moja ya maabara tukigombania kibano. Ukaondoka naye. Kwa siku moja nikapoteza rafiki, ndugu na ile kazi, na watu wakaja kunipongeza kwa harusi nzuri. Tangu hapo kila nikipaka kitambaa nilikuwa nakichukia kwa sababu kinakwenda kwako na mimi siendi.

Sikuombi msamaha leo. Ningeomba ungeona ni upesi mno, na ungekuwa na haki. Kakaushe kitambaa. Siku tatu, taulo libaki bichi.

Masizi


20 Juni

Dada,

Shikamoo.

Leo sina utani, na ukiuona humu ujue umeponyoka.

Barua yako ya mwezi wa tano aliisoma kitandani, akaikunja, akaenda kuosha vyombo. Siku ya tano akanipa niisome, na chini yake nakala ya barua yake. Nimezisoma zote mbili. Sijui niseme nini, Dada. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba mke wangu na dada yangu wanapendana kuliko ninavyopendwa mimi na yeyote kati yao. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa napeleka kiberiti na yule ukurasa wangu uliopinda. Najiona mjinga, na mna deni la kuniomba radhi nyote wawili, hata kama sijui kwa kosa gani hasa.

Usidhani amekusamehe. Wiki iliyopita aliniuliza, "Dada yako alivyokuwa mdogo alikuwa hivyo hivyo?" Nikamwambia alikuwa mbaya zaidi. Akacheka nusu, kisha akakumbuka kwamba hacheki.

Lakini jambo moja ulijue. Ijumaa alichukua barua zote mbili, yako na yake, akaziweka kwenye mkoba wa kazi. Nikamuuliza unazipeleka wapi? Akasema, "Pale nilipodanganya." Alirudi jioni macho mekundu, hajaniambia kilichotokea. Atakuandikia mwenyewe.

Mama usimwambie kitu. Ana mambo yake ya goti.

Mdogo wako


28 Juni

Wifi,

Nilitaka kukaa mwaka mzima bila kukuandikia. Nilihesabu siku tangu tarehe ya barua yako, nimefika hamsini na nane, ninaishia hapo kwa sababu ya kazi na si kwa sababu nyingine.

Nilikausha kitambaa siku tatu chini ya taulo, kwenye kabati la mafagio, kwa kuwa siruhusiwi tena kwenye meza ya betri. Jirani wa ofisini alinifunga siku moja humo bila kujua. Kilifika mikunjo elfu mbili na mia saba. Kizuri, ila si namba tisa. Kuna kitu unafanya na mkono wako ambacho hata wewe hujui unakifanya, kwa hiyo hukukiandika.

Nikaenda kwa Mkuu na barua zetu. Alizisoma mbele yangu, polepole, akavua miwani, akaivaa. Akasema, "Kwa hiyo wewe uliiba na yeye akaharibu." Nikasema ndiyo. Akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona kitambaa kizuri namna hiyo kikifanyiwa mambo mabaya namna hiyo. Kisha akaniambia nikae nje. Nilikaa saa moja na dakika ishirini.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake kwako. Anakuita uje miezi sita, utengeneze hapa kwa mikono yako, jina lako likiwa la kwanza kwenye kazi. Ripoti yangu ya zamani itaandikwa upya, na jarida litatoa sahihisho. Muuguzi mkuu amekubali kurudi mara moja nyingine, siyo zaidi. Mkuu amenikubalia pia nirudi kwenye betri, kwa sharti moja: niwe msaidizi wako. Nitakuwa chini yako, wifi. Nitaosha sinia zako.

Aliniomba niandike jina lako kamili kwenye fomu. Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Sikukuchukia, hapana. Niliona nikiliandika nitakuwa nimekukabidhi kitu ambacho nilikuwa nimekishika kwa meno. Nimeliandika. Herufi ya pili ilichafuka, nikaomba fomu nyingine.

Sijakusamehe ile droo. Oveni naielewa. Droo bado.

Mizani


7 Julai

Wifi,

Nakuja.

Nilipofika kwenye "nitakuwa chini yako" nilicheka kwa sauti hadi Mama akauliza kuna nini. Nimeona aibu baadaye, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na nimeahidi kutokuandikia uongo tena hata mdogo. Nilijiona nimesimama nyuma yako nikisema, "Hapana, rudia." Nilikaa na picha hiyo tangu asubuhi hadi mchana. Ni tamu sana. Inanitisha.

Mama mdogo atahamia hapa kumwangalia Mama. Wameshaanza kugombana kuhusu redio, kwa hiyo watakuwa sawa. Mama nimemweleza yote, hata ya droo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nisogee, nikadhani atanipiga kofi kama zamani. Alinishika kidevu akasema, "Na mimi nilikuwa namsifia mwenzio mbele yako ili wageni waulizie yeye, usione haya kwamba umebaki kwa ajili yangu. Nilidhani nakusaidia." Sikujua hilo. Miaka yote sikujua.

Gari linafika Jumanne ya tarehe kumi na nane saa sita mchana. Mwambie mdogo wangu aje kunipokea, na wewe njoo kama umeamua mwenyewe. Tusikumbatiane pale kwa ajili ya macho yake. Nina vile vipande vinane kwenye mkoba. Nitakupa mkononi, uvichome au uvipime, ni juu yako.

Masizi


23 Agosti, saa tisa alasiri
(karatasi iliyotumwa kwa mkono kutoka maabara hadi chumba cha kulia)

Wifi,

Umekwenda kula, na hapa simu haziruhusiwi, ndiyo maana naandika. Wiki tano tumekaa meza moja na hatujasemeshana zaidi ya "nipe ile" na "rudia". Basi na hili nalo nalisema kwa karatasi.

Mkanda tulioutengeneza Ijumaa uko kwenye mashine. Ulipoondoka ulikuwa mkunjo wa elfu nne na mia tisa. Nilibaki nao peke yangu, na kisu cha kukatia vitambaa kilikuwa karibu na mkono wangu wa kulia. Nataka ujue kwamba nilikitazama. Nilitazama na kile kibandiko cha majina juu ya mashine, lako limetangulia langu. Uzi mmoja tu ningeukata, usingegundua kamwe. Ungedhani ni kitambaa. Nikaelewa, nadhani kwa mara ya kwanza, jinsi ulivyoweza kuifunga ile droo.

Nimechukua kisu nikakipeleka kwenye kabati la asidi, nikafunga, na ufunguo nimempa mlinzi mlangoni. Usinicheke.

Muuguzi mkuu amepiga simu ofisini. Anakuja keshokutwa, na safari hii haleti mwanasesere. Analeta mama mmoja wa wodini na mtoto wake wa wiki tatu, ambaye sasa anaweza kutoka nje.

Mashine imepita elfu tano sasa hivi, naandika naiona. Taa bado ya kijani. Nimejaribu kufurahi kwa ajili yangu, nikajaribu kukasirika kwa ajili yako, kila kimoja kimekataa kusimama peke yake. Acha chakula. Njoo uhesabu na mimi.

Mizani